Debe la Bwana asifiwe

Mwaka 2016 nilipeleka debe jipya kabisa kwa fundi bati mmoja hapa Dodoma mjini nikamwambia alifumue alafu alipanue. Hakuniuliza la nini, naona sikuwa wa kwanza. Akaunga kipande cha bati ubavuni, akagonga kitako kikatuna kwa nje, akachomelea vizuri, akapaka rangi ya bluu ili mshono usionekane. Nilipofika nyumbani nikalipima kwa maji. Debe la kawaida linaingia lita 20, hili langu likameza lita 24, yani sado nzima zaidi, na ukiliweka chini mtu akiwa mbali kidogo halitofautishi na mengine.

Kwa ambaye hajawahi kununua mazao vijijini nieleze kidogo. Mkulima hana mizani, wewe mnunuzi ndo unafika na gari na magunia na debe na hela. Mnakaa chini ya mti, yeye anamimina karanga zake, mnahesabu wote moja, mbili, tatu. Sasa ukinunua debe 5 kwa debe la lita 24 umeondoka na debe 6, hiyo moja hujailipia, ni jasho la mtu umelibeba bure. Na bado juu tulikuwa tunaacha kichuguu. Mjini stoo nilikuwa na debe lingine la kawaida kabisa, hilo ndo la kuuzia.

Wakati huo nilikuwa nimeokoka miaka 11.

Hilo la kuokoka nimeliweka hapo makusudi kwa sababu watu wengi wanadhani mambo kama haya yanafanywa na watu wasiomjua Mungu. Mi nilimjua. Jumatano nilikuwa kwenye umoja wa akina mama, Alhamisi mazoezi ya kwaya, Ijumaa mkesha, Jumapili ibada ya kwanza naimba, ya pili nakaa kusikiliza. Saa kumi alfajiri nimeshaamka kuomba. Kila nikifika kijijini kabla sijashusha hata gunia moja nilisalimia kwa sauti, Bwana Yesu asifiwe, wanaitika Ameni, nawaombea, mwenye mtoto mgonjwa namwekea mkono, alafu ndo nashusha debe. Wala sikuwa naigiza, na hili ndo linaloniumiza mpaka leo, nilikuwa namaanisha. Nilikuwa nampenda Mungu kweli kabisa na debe langu liko kwenye gari.

Na fungu la kumi nilitoa. La faida ya lile debe.

Mi ni Mgogo wa Mvumi. Bibi yangu mzaa baba alibatizwa enzi za Askofu Chambers, yule Mwaustralia aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanza mwaka 1927, na alikuwa kwenye wale walokole wa zamani, wa ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda na Bukoba mpaka ukafika kwetu Ugogo. Wale wazee wokovu wao ulikuwa tofauti na wa kwangu. Wao mtu akiguswa kitu cha kwanza alikuwa anasimama mbele za watu anataja alichofanya kwa jina lake, hasemi "nilikuwa na mapungufu", anasema niliiba jembe la fulani, alafu kesho yake unamwona njiani amebeba jembe analirudisha.

Babu yeye alirudisha mbuzi. Miaka mingi nyuma mbuzi jike wa jirani alichanganyika na wake machungani, babu akanyamaza, mbuzi akazaa, na watoto wakazaa. Alipookoka akawatoa wote saba akawaswaga mpaka kwa jirani. Bibi alikuwa ananisimulia hiyo habari mara nyingi na hakuwahi kuipamba, alisema siku ile alilia na hakulia kwa furaha, alilia kwa sababu wale mbuzi ndo walikuwa ada ya baba yangu. Alafu alikuwa anasema, mjukuu wangu, usimwimbie Mulungu huku umekalia mbuzi wa watu. Nimeisikia hiyo kauli tangu niko mtoto. Nimeisimulia hata kanisani, watu wakapiga makofi.

Bibi huyohuyo ndo alinisimulia njaa ya Mtunya, ambayo na yeye aliisikia kwa mama yake. Ni ile njaa ya wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani na Waingereza walipopita Ugogo wakachukua ng'ombe na nafaka na watu wa kubeba mizigo, alafu mvua nayo ikakataa, watu wakafa sana. Ndo maana kwetu chakula kikiwa kwenye kipimo watu wazima wanaacha kuongea, wanatazama. Mvua zetu ni msimu mmoja tu, zinaanza Desemba zikijitahidi zinafika Aprili, ukikosea hapo unasubiri mwaka mzima. Kwaiyo mi sikuwa mgeni niliyetoka mbali nisiyejua debe moja lina maana gani kwa mtu wa Kongwa au Chamwino. Nilijua. Kongwa ndo hukohuko Waingereza walileta matrekta mwaka 1947 walime karanga mapori kwa mapori, mradi ukawashinda, 1951 serikali yao ikauvunja. Ardhi iliyowashinda wenye matrekta, mama mjane anaingia na jembe la mkono anatoa debe nane, tisa. Na mi nikawa naenda kuchukua moja katika hizo.

Sikumbuki ilianza kunisumbua lini hasa. Nakumbuka mkesha mmoja, 2018 nadhani, saa nane usiku niko magotini, ghafla nikaliona lile debe. Halikuwa ono la kutisha, ni kama vile unavyokumbuka umeacha jiko linawaka. Nikajua kabisa ni nini. Na unajua nilifanya nini? Nilikemea. Nikasema wewe shetani mshitaki wa ndugu, nakukataa kwa jina la Yesu, mimi nimeshasamehewa, hakuna hukumu juu yangu. Wenzangu pembeni wakasema Ameni. Likaondoka. Wiki mbili likarudi, nikakemea tena, nikaongeza na kufunga siku tatu. Yani Roho wa Mungu alikuwa ananiambia neno moja dogo la wazi na mimi nilikuwa namfukuza kwa jina la Yesu, kwa miaka mitatu. Nikiwaza hilo hata leo naogopa.

Kila alivyozidi kunisumbua nilizidi kujitoa. Kanisa letu lilikuwa linaezekwa, nikatoa laki nne kwa mkupuo mmoja, nikasimamishwa mbele nikaombewa. Nikaanza kufunga kila Jumatatu. Nikawa nalipia nauli watu wa kwenda kuhubiri vijijini. Mtu wa nje akiniangalia angesema huyu mama amewaka moto, na moto ulikuwepo, ila nilikuwa nauwasha kusudi moshi uwe mwingi. Ni kama mtoto aliyekula hela ya dukani, mama akirudi anakuta vyombo vimeoshwa, uwanja umefagiliwa, maji yamejaa mpaka kwenye sufuria, na mtoto anaulizia mama umechoka nikukande miguu? Anafanya vyote ili tu isiulizwe ile hela iko wapi.

Kwaresima ya mwaka 2021 nikapangiwa kufundisha kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba na somo nililopewa ni 1 Samweli 15. Sikulichagua mimi. Ni ile habari Sauli anaambiwa apige Waamaleki asiache kitu, akaenda akapiga ila akamwacha mfalme wao Agagi hai na kondoo na ng'ombe walionona. Samweli anafika, Sauli wa kwanza kusalimia, tena kwa salamu ya kiroho kabisa, anasema nimeitimiza amri ya Bwana. Samweli anamuuliza sasa hawa kondoo ninaowasikia wanalia ni wa nini? Na Sauli anajibu kwamba watu wamewaleta ili wamtolee Bwana dhabihu.

Nilifundisha vizuri. Nasema ukweli, nilifundisha vizuri kuliko siku zote, nikafika pale kutii ni bora kuliko dhabihu watu wakawa wanalia. Nikafunga kwa maombi, tukanywa chai na karanga za kukaanga, karanga za kwangu, nilizileta mimi. Nikapanda bajaji kurudi nyumbani. Njiani ndo ikaniingia, hapo kwenye bajaji, barabara ya kwenda Nkuhungu. Kwamba Sauli hakuwa ameacha ibada. Sauli alikuwa anataka kufanya ibada kubwa, na kondoo alikuwa nao, na madhabahu angejenga. Mungu hakuomba dhabihu pale, aliomba kitu kingine kimoja, na Sauli akampa dhabihu ili asitoe kile kimoja. Mi paa la kanisa Mungu hakuwa ameniomba. Jumatatu zangu hakuwa ameniomba. Debe ndo aliloniomba, toka 2018, na nilimpa vyote ila siyo debe.

Nilishuka nikamlipa dereva nikaenda moja kwa moja stoo nikawasha taa nikakaa kwenye gunia nikaliangalia. Sikulia wala nini. Nilichoka tu, kama mtu aliyekimbia muda mrefu alafu akaambiwa simama.

Usiku nikamwambia mume wangu. Alikuwa anajua habari za debe kijuujuu, hakuwahi kulisema. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema mke wangu, acha kuanzia leo, livunje, nunua mizani, Mungu amesamehe, ya nyuma ameyatupa baharini. Nikasema ndio ila ya watu je? Akanyamaza. Akasema unajua ni shilingi ngapi? Ile nyumba tunayojenga itasimama. Hakuwa mkali, alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa vilevile. Tulikaa hivo mpaka jogoo wakawika.

Kesho yake nikaenda kwa padri mmoja mstaafu, mzee sana, anafuga kuku. Nikamweleza huku anawawekea maji. Nilidhani ataniombea. Hakuniombea. Aliniuliza, Zakayo aliambiwa na nani arudishe? Nikasema Yesu. Akasema kasome tena. Nikafungua Luka 19 hapohapo kwenye simu, na kweli Yesu hakumwambia Zakayo arudishe chochote, alimwambia tu shuka, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Zakayo mwenyewe ndo akasimama akasema nusu ya mali nawapa maskini na kama nimemdhulumu mtu namrudishia mara nne. Mzee akasema umeona, Yesu akishaingia ndani mali ya watu inaanza kukosa mahali pa kukaa. Akarudi kwenye kuku wake.

Nilikuwa na kaunta buku. Hilo sasa ndo lilinishangaza, kwa sababu mwizi hatunzi kumbukumbu lakini mimi nilitunza, jina la mtu, kijiji, debe ngapi, tarehe, toka 2016 mpaka 2020, misimu mitano. Nikakaa na kalkuleta siku mbili. Watu 41. Debe 1,150. Kila tano nilizolipia nina moja ya bure kwaiyo nadaiwa debe 230. Bei ilikuwa inapanda na kushuka nikachukua wastani wa elfu 12, ikaja 2,760,000. Mara nne kama Zakayo sikuweza, nasema wazi sikuweza, nikamwambia Mungu nitarudisha kile nilichochukua na kwa hilo lingine naomba rehema. Tukauza tofali 1,500 na mabati 40. Mume wangu ndo alimleta mteja wa mabati. Hakusema kitu ila alipakia na mikono yake mwenyewe.

Mwezi wa tano nikaenda. Sikuanza na mkutano, nilitaka mtu mmoja mmoja, na wa kwanza nilimchagua mama mmoja mjane kule njia ya Mpwapwa kwa sababu ndo alikuwa mpole kuliko wote, nilidhani kwake itakuwa rahisi. Kwenye daftari alikuwa na debe 40 kwa misimu yote, kwaiyo namdai, samahani, ananidai debe 8, elfu 96. Nikamkuta anapepeta uwele. Nikapiga magoti nikamwamkia, mbukwenyi, akaitika, akanipa kigoda. Sikusema Bwana asifiwe, ilinikwama.

Nikamwambia mama, mimi nilikuwa nakupunja. Lile debe langu la bluu lilikuwa limepanuliwa. Kila debe tano nilikuwa nakuibia moja, nimekuja kukuomba msamaha na kukurudishia.

Akaendelea kupepeta kidogo. Alafu akasema, "Mwanangu, tulikuwa tunajua."

Nikamuuliza mnajua nini. Akasema, "Debe. Sisi tunalima toka tumezaliwa, gunia langu nikilijaza nyumbani najua lina debe ngapi, likifika kwako linapungua. Wote tunajua. Watoto wamelipa na jina, wanaliita debe la Bwana asifiwe."

Niseme nini sasa. Kama angenitukana ingekuwa nafuu. Miaka mitano nafika pale nasalimia kwa jina la Bwana, wanaitika Ameni wote, na wanajua. Nawawekea watoto wao mikono na wanajua. Nikamuuliza sasa kwanini mlikuwa mnaniuzia, akasema ulikuwa unakuja na hela mkononi mwezi ambao wengine hawaji, na mtoto anarudishwa shule. Akasema kwa sauti ileile ya upole. Alafu akachukua ile elfu 96 akaihesabu yote mbele yangu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema asante, Mulungu akubariki, nimekusamehe. Na mimi nikadhani tumemaliza, nikaanza kuinuka, akasema kaa.

Akaniambia habari za kijana wake wa mwisho. Kwamba alikuwa anaimba kwenye kwaya ya vijana pale kijijini, alikuwa mtoto wa kanisa kabisa, na yeye ndo alikuwa anambebea mama yake karanga kuja kwenye gari langu. Siku moja akarudi nyumbani akasema mama, kama yule ndo ameokoka basi mimi niacheni nilivyo. Hajakanyaga kanisani toka hapo. Yuko Dodoma, anaendesha bodaboda. Mama akasema, "Hela umerudisha mwanangu. Huyo utamrudishaje?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Kwenye kaunta buku hiyo haikuwepo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya karanga tu, na kiukweli nilikuwa najiona jasiri. Mungu anapokwambia fanya hiki, huwa unadhani anakulinda wewe tu usitende dhambi, kumbe kuna mtoto wa mtu amesimama nyuma ya gari anaangalia mkono wako.

Wale wengine nitasema kwa kifupi. Wengi walichukua hela wakasema yameisha. Mmoja alinitukana sana mbele ya wanae na nilikaa nikasikiliza mpaka alipochoka. Mmoja alikataa hela kabisa, akasema peleka kanisani, nikamwambia baba, kanisani nimeshapeleka sana, hii ni yako, akaipokea. Mmoja alidai debe nyingi kuliko zilizoandikwa, nikamlipa alivyosema, nani ajuaye, huenda daftari langu nalo lilikosea. Wawili nilikuta wamefariki nikawapa watoto wao. Hiyo kazi nilidhani ni ya wiki mbili, ikaenda miaka.

Na watu huwa wananiuliza, ulivyotii Mungu akakufungulia nini? Najua wanataka kusikia kwamba msimu uliofuata nilipata mara kumi. Sikupata. Nilinunua mizani ya kuning'iniza, nikaipeleka Wakala wa Vipimo ikahakikiwa ikapigwa alama, nikaenda kununua kwa kilo, na wenzangu wenye madebe yao na wale wa lumbesa, yani magunia yaliyojazwa mpaka kupita mdomo, walikuwa wananipita bei maana wao wanafidia kwenye kipimo. Lumbesa imekatazwa kwa Sheria ya Vipimo lakini porini ukiwa peke yako na mkulima sheria iko mbali. Msimu wa 2021 nilipata hasara. 2022 nikarudisha mtaji tu. Nyumba ilisimama kwenye linta mpaka nyasi zikaota ndani. Sasa hivi nauza karanga za kukaanga na siagi ya karanga, kidogo kidogo, tunakula. Nasema haya kwa sababu naona tunafundishana utii kama vile ni kupanda hela ili uvune hela, na mtu akishatii asipoona kitu anadhani amekosea. Mi sikukosea. Wanaodai Mungu ni kama mkopeshaji wa riba sikubaliani nao kabisa, na wala sisemi kwamba kurudisha zile debe ndo kumeniokoa, damu ya Yesu ndo imeniokoa, tena iliniokoa nikiwa mwizi.

Kilichobadilika ni maombi. Zamani nilikuwa siwezi kukaa kimya mbele za Mungu, dakika moja nyingi, lazima nipaze sauti, lazima ninene, lazima niimbe, kwa sababu kukiwa kimya nilijua nitasikia nini. Sasa hivi naamka ileile saa kumi, naweza kukaa pale kwenye mkeka nusu saa sisemi neno. Siogopi akisema. Hiyo kwangu ni kubwa kuliko nyumba, na sijui kama naweza kumweleza mtu ambaye hajawahi kumkimbia Mungu huku yuko kanisani.

Yule kijana nilimtafuta miezi minne, nikampata kijiweni. Nikamweleza mbele ya wenzie, maana na yeye alinishuhudia mbele ya watu. Alinisikiliza ameegemea pikipiki, akasema sawa mama, nimesikia. Basi. Hakusema amenisamehe, hakusema atarudi kanisani, na sikumwalika. Ulimi uliwasha ila nikaona hapa nikisema njoo kanisani nitakuwa naanza tena Bwana asifiwe yangu. Nikachukua namba yake. Nikiwa na mzigo namwita ananibebea, namlipa bei yake yote bila kuomba nipunguziwe. Nikawa namwombea kila siku, kimyakimya, na bado namwombea.

Baadaye tukawa tunaongea mawili matatu njiani. Siku moja, mwezi wa pili 2024, amenishusha mzigo sokoni Majengo, akauliza bila kuniangalia, "Mama, ulimaliza wale watu?" Nikasema bado watatu, wamehama, sijui walipo. Akauliza majina. Nikamtajia. Akasema huyu mzee namjua, kahamia Bahi kwa binti yake, wanalima mpunga. Akawasha pikipiki akasema Jumamosi sina kazi, nitakupeleka.

Jumamosi tukaenda, barabara ya Singida, jua kali, tumefika saa tano. Tukaonyeshwa majaruba kwa mbali, maji yanang'aa, watu wameinama. Nikataka kushuka kwenye tope akasema subiri mama utateleza, akavua viatu, akakunja suruali, akapita kwenye kingo mpaka kule. Nikamsikia anapaza sauti, "Mzee! Yule mama wa debe kaja!"

Mzee akachomeka jembe kwenye tope akajishika kiuno akatazama upande wangu muda mrefu. Alafu akaanza kuja, kijana yuko nyuma yake kamshika mkono asianguke. Nikafungua mkoba nikatoa bahasha.